Josho la Kapseret

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi baridi, ukungu hadi saa mbili. Nimefua, nimepiga pasi, nimekaa mezani. Historia ya kanisa letu imekamilika, kurasa tatu. Itasomwa Jumapili mbele ya wageni, tukifungua jengo jipya hapa Huruma. Mimi ndiye karani, kwa hiyo nitaisoma mimi.

Ukurasa wa pili ndio naupenda. Kiangazi cha mwaka tulioanza kanisa, mto ulifika magotini tu, na sisi Wabaptisti hatubatizwi kwa kunyunyiziwa. Mtu lazima azame. Mkulima mmoja wa Kapseret akatupa josho lake kuukuu la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Tulilisugua siku mbili, tukalijaza maji safi. Tukazamishwa watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa nne.

Ijumaa, 7 Machi
Mawingu. Kikao. Mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu, amekata neno "josho" kwa kalamu nyekundu, akaandika "mtoni". Ati wageni watacheka. Mzee Kamau, mwenyekiti, amemuunga mkono. Mzee Kamau! Alizama mbele yangu, wa tatu, akitetemeka kama jani. Nikamtazama. Akatazama dirisha.

"Sista, hiyo ni maneno ya zamani," akasema.

Najua anachoogopa. Siku zile majirani wa ploti tulimopanga walitulilia "Mooo!" tukienda ibada. Mama mboga akaniuliza kama kupe wangu wameisha. Nikamwambia wameisha, na dhambi pia, sasa anipimie sukuma wiki.

Nimewaambia sitasoma uongo kanisani. Mchungaji amesema nikisoma josho, ukarani basi.

Jumamosi, 8 Machi
Jua kali. Nina hasira. Nimenakili kurasa zote upya. Josho. Nimeliandika mara tano, mwanzoni lilikuwa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma.

Josho la kwanza, wageni wakatazamana. La pili, mgeni mmoja akafunika mdomo. Mchungaji akainamia Biblia yake. Nikapaza sauti: tuliingia upande ule ng'ombe wanakorukia majini.

Mzee Kamau akasimama.

"Hapana, Sista! Tuliingia kule wanatokea, kwenye ngazi. Huko kwingine ni kirefu, tungekufa sisi!"

Kanisa lote likaangua kicheko. Akabaki amesimama, yeye aliyetaka tuseme "mtoni", mdomo wazi. Kisha akacheka kuliko wote.

Ukarani nimenyang'anywa kabla ya chai. Nimekabidhi funguo na rejista. Sikuomba msamaha na sitaomba.

Jumatatu, 10 Machi
Manyunyu. Sina kikao, sina barua za kujibu. Nyumba kimya.

Jioni Mzee Kamau amekuja. Ametaja wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa mpangilio tuliozama. Nimeandika. Wanne wameshakufa. Majina yao nimeyaandika sawa na ya wengine.

Nalala sasa, saa tatu kasorobo.