Minazi ya Bi Hidaya

Jumatatu, 3 Juni
Uji umenishinda, nusu bakuli. Tatu, anayenipikia, kaenda Chang'ombe kununua nazi kwa Bi Mwanaidi. Nazi zipo hapa hapa Tabata, hatua chache toka mlangoni. Sizitaki. Tatu anasema nina mapenzi ya siri na yule bibi. Acha aseme.

Amerudi na habari. Bi Mwanaidi anafunga genge. Mwanawe anamhamishia Boko Jumapili.

Kwa miguu hii, Boko ni Ulaya.

Jumanne, 4 Juni
Sikulala. Niandike basi. Haya sijawahi kuyaandika.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Waingereza walichunguza mali za maadui. Kila kilichokuwa cha Mjerumani kilichukuliwa na serikali. Nilikuwa mkalimani wao, kijana wa Tabora, Kiingereza safi, suruali ya pasi. Siku moja ilisikilizwa kesi ya shamba moja la Temeke. Shahidi alikuwa Bi Hidaya. Mwanaidi, mwanawe, alikuwa mgongoni, analia.

Hakimu aliuliza shamba ni la nani. Bi Hidaya akajibu, "Ardhi ya Mjerumani. Minazi yangu." Nikaona anajichanganya. Mie nilijua mwenye ardhi ndiye mwenye mti. Nikafupisha. Nikamwambia hakimu: shahidi anakubali, shamba lote la Mjerumani.

Jumatano, 5 Juni
Kifua kinabana. Mwanangu wa Mwanza hakupiga simu. Ameshazoea kutopiga.

Jana sikumaliza. Nilichofanya asubuhi ile kilikuwa ujinga. Mchana, karani mmoja wa Kizaramo alinieleza huku akinicheka: pwani mtu huwa na minazi yake juu ya ardhi ya mwingine. Huivuna, huiuza, huirithisha. Hakimu alikuwa bado mezani. Ningesimama nikasahihisha. Niliogopa kuonekana sijui kazi. Nikakaa.

Huo haukuwa ujinga.

Minazi ikaenda na shamba. Ilikuwa urithi wa ukoo wao. Nduguze wakasema Bi Hidaya kaitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Wakasema na zaidi, kwamba alikuwa kimada wa yule Mjerumani. Alikufa hawamsemeshi. Haya alinisimulia Mwanaidi gengeni, akinichagulia nazi. Nikalipa nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi kununua nyingine.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimtuma Tatu amwite Bi Mwanaidi. Alikuja baada ya swala.

"Shikamoo, Mzee Saidi. Naambiwa unaumwa kwa kuwa nahama. Sasa posa utaleta lini, na mie nishafunga mizigo?"

Nilicheka, nikakohoa. Kisha nikamwambia yote. Safari hii sikufupisha.

Akafungua pindo la khanga, akalifunga tena.

"Mama alisema," akasema. "Mpaka anakata roho alikuwa anasema, mie sikusema vile, yule kijana wa bara hakunifikisha. Nami ndo nilikuwa namuuguza. Nikamwambia, mama nyamaza, tubu."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Juni
Hakuna aliyekuja. Nilitaka kutua mzigo. Nimemtwika yeye. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, ataenda nao Boko.

Tatu kaniuliza kulikoni. Nimemwambia mafua.

Jumapili, 9 Juni
Asubuhi bajaji mlangoni. Bi Mwanaidi ndani yake, kavaa baibui. "Vaa viatu, mzee. Twende kwa mama."

Tatu alinishika mkono mpaka makaburini. Kaburi ni dogo, limezungushiwa matofali, mawili yameng'oka. Bi Mwanaidi alisoma Fatiha. Nikaitikia. Kisha akanitazama.

"Sasa sema alivyosema. Usipunguze."

Pumzi zilikuwa chache. Nikasema, "Ardhi ya Mjerumani. Minazi yangu."

Akainama, akarudisha yale matofali mahali pake, moja moja. "Nimesikia, mama," akasema. Nje mwanawe alikuwa anamsubiri na gari la mizigo. Alipanda mbele, akashusha kioo, akamwambia Tatu asinikaangie samaki, nitakohoa.

Nimerudi Tabata. Tatu kakuna nazi iliyobaki katika zile za Jumatatu. Nimekula kidogo. Mlango nimeuacha wazi mpaka Magharibi.