Posa na Makombe ya Romania

Dada yangu Mwanaisha, nakusalimu kutoka Likoni.

Posa ya mwanao Idrisa ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mpira. Baba wa binti na ami yake walisoma chuo kikuu kimoja huko Romania. Timu za chuo hicho sasa zimekuwa mbili, kila moja ikidai historia na makombe yaleyale, na ndugu hawa wamenuniana. Wakaapa kutopokea posa mpaka mimi niliyeipeleka niseme timu ya kweli ni ipi.

“Ya kweli ni marehemu,” nikajibu. “Hizi mbili ni warithi.”

“Marehemu? Wallahi, mzee huyu hajui kitu!” wakafoka pamoja. Kisha wakakumbatiana, wakapokea posa.

Kaimati nilikula peke yangu, bila kusemeshwa. Kunywa dawa zako, dada, na Idrisa asitaje mpira harusini.

Kakako, Mwalimu Athmani