Nilikausha Bomba la Gari Katika Oveni ya Mikate

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, hii ni siku ya tano nimebeba uongo. Mimi ni mwanamke, fundi wa magari, mume wangu anaoka mikate ya kuuza, na tunaishi na baba mkwe mwenye pumu pamoja na wifi yangu anayemhudumia. Jumamosi nilikuwa na vipande vya bomba la moshi vya gari la mteja, nimevisugua kutu na kuvipaka rangi ya kuhimili moto, na rangi hiyo isipopata joto kali haishiki, inabanduka, na mteja alikuwa hanipi nafasi kwa simu za kunihimiza, basi mume wangu alipotoka kupeleka mikate na wifi alipoepua maharage, akazima jiko na kwenda dukani nikavipanga ndani ya oveni, nikawasha hadi mwisho, nikaenda uani kufua. Niliporudi moshi umejaa nyumba nzima, baba yuko sakafuni mlangoni mwa chumba chake, midomo imebadilika rangi, pumzi inakatika. Nilimburuta nje nikaita majirani, lakini mshauri, kabla hawajafika niliingia tena, nikavitoa vile vyuma kwa koleo, nikavificha uani chini ya turubai, huku mzee akikoroma peke yake.

Hospitalini daktari akauliza, "Amevuta moshi wa nini?" Nikajibu, "Wifi aliacha maharage jikoni yakaungua." Mume wangu akamgeukia dada yake, "Ulitaka kumuua baba?" Wifi alifungasha nguo zake. Amehamia kwa shangazi yake, na jana alinipigia akasema, "Wifi, nilidhani nimezima jiko." Baba bado anapumua kwa mashine, na mume wangu ameendelea kuoka katika oveni ileile, wateja wanalalamika mikate inanuka rangi, nami nimekaa kimya. Nikisema nitaachika. Nifanyeje?

Fundi

Fundi, barua yako niliianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Hofu yako naielewa, mikono iliyomburuta mzee nje ni yako. Kuwasha oveni nako ilikuwa haraka ya kazi. Lakini kumdanganya daktari ulikusudia, na hapo sikuonei haya kukuambia.

Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, chukua kopo la rangi uende nalo hospitali. Daktari anamtibu mtu aliyevuta moshi wa maharage, na kila saa unayonyamaza inampunguzia baba mkwe wako uhai. Ukitoka hapo, mwambie mumeo ukweli wote. Mikate yote itupwe, oveni hiyo isipikiwe chakula tena. Rangi ya namna hiyo hukaushwa nje: funga bomba kwenye gari, washa injini mahali pa wazi, liache lipate joto kidogo kidogo kama kopo linavyoelekeza, na watu wakae mbali. Jikoni, kamwe.

Unauliza kama utaachika. Sijui, na mumeo ana haki ya kukasirika. Ninachojua ni kwamba yuko binti wa watu kwa shangazi yake anayeamini karibu amuue baba yake mzazi. Huyo usimpigie simu. Nenda alipo, kaa mbele yake, umwambie jiko alilizima, aliyewasha oveni ni wewe. Akikutukana, pokea. Kisha umwombe arudi nyumbani, na mumeo amwombe pia, kwa sauti ileile aliyomshtaki nayo.