Pampu Iliyopimwa Sharjah

Mtongwe, Likoni
9 Februari 1988

Kwa mdogo wangu Mwidani,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na ile baridi uliyoilalamikia imepungua. Huku sote hatujambo, alhamdulillahi. Shemejio Tsuma anakusalimu sana, na watoto wanauliza mjomba atakuja lini.

Kilichonifanya nikuandikie ni pikapu ya marehemu baba. Imechoka, Mwidani. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ikibeba nazi kutoka Ng'ombeni, kila kijilima inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na wale akina mama wa sokoni wanaopanda nyuma wanashuka wamejaa masizi. Juzi wawili wamehamia gari la mtu mwingine. Tsuma chakula cha usiku hakukigusa.

Amempata fundi huko Changamwe, aitwaye Tsofa, ambaye kazi yake ni pampu za dizeli. Yeye anasema pampu ataipima kwa gari lenyewe: aifunge, apakie mzigo ule ule tunaobeba, apande nao mlima, arudi alegeze au akaze kidogo, aende tena, mpaka dizeli iingie kwa kadiri injini hii inavyoweza kuichoma. "Injini yenu imezeeka, mama," aliniambia. "Nikiipa dizeli ya injini mpya itajiunguza."

Ubaya wake ni kwamba anataka akae na gari wiki mbili, na watu wanasema wiki mbili za Tsofa ni mwezi. Wewe uko kwenye duka la vipuri, mambo haya unayajua. Wasemaje?

Dada yako,
Mwanakheri


Sharjah
22 Machi 1988

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Barua yako ilichelewa njiani, ndiyo maana nimekawia.

Dada, tafadhali msimpe huyo fundi gari. Nawajua mafundi wa kupima kwa sikio. Leo atakaza, kesho atalegeza, na ninyi mtakuwa hamna gari wala hamna mteja. Hapa dukani kwetu kuna pampu zilizokwisha kupimwa kwa mashine na kupigwa lakiri. Unafungua boksi, unafunga pampu, unaondoka. Wapakistani wenye pikapu kama ile ya baba wanazichukua kila siku, na nimewaona wakipanda milima ya huku na mizigo hadi juu ya kichwa cha dereva.

Moja nimekwisha kuipata. Nimeifanyia kazi siku zangu za Ijumaa mpaka ikawa yangu. Itakuja na jamaa wa Kisauni anayerudi nyumbani baada ya Idi.

Mama alipofariki sikuja. Udongo mlitia ninyi. Hakuna hata mmoja wenu aliyenilaumu, na hilo ndilo linalonila. Niache walau gari la baba litembee kwa jasho langu.

Mdogo wako,
Mwidani


Mtongwe
14 Juni 1988

Mdogo wangu Mwidani,

Assalaam aleikum. Waambaje? Sisi tu wazima, Idi tuliila salama.

Boksi limefika bila mkwaruzo. Tsuma amelifungua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Pampu imefungwa na gari linapaa! Jana limepanda kilima cha Shika Adabu na magunia yote, halikugugumia, na moshi hakuna. Wale akina mama wawili wamerudi. Mwanarehema muuza mihogo, unamkumbuka, amesema, "Huyo nduguyo ana mkono wa baraka." Nikamwitikia amina.

Sasa pumzika Ijumaa zako. Umekwisha kufanya.

Dada yako,
Mwanakheri


Sharjah
3 Septemba 1988

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Nimewasomea wenzangu chumbani. Hata Mhindi mwenye duka nimemweleza, akacheka akasema nitafute pikapu nyingine huko kwetu.

Nami nimeitafuta. Unamjua Masha wa Mishomoroni, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye si wa dini yetu, lakini mama alipofariki ndiye aliyesimama pale nyumbani mahali pangu, akachota maji na kupasua kuni mpaka matanga yakaondolewa. Deni hilo silisahau. Pikapu yake ni kama ya baba, na anabeba mawe ya kujengea kupeleka Mazeras. Aliniandikia kwamba anataka kwenda kwa Tsofa yule yule. Nimemjibu asihangaike, nimempelekea pampu sawasawa na yenu. Ana wasiwasi kidogo. Nimemwambia kama haniamini mimi, avuke feri akakuulize wewe.

Mdogo wako,
Mwidani


Sharjah
11 Januari 1989

Dada Mwanakheri,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu sijapata jibu. Nimeanza kufikiri mnaumwa. Lakini jana nimepata barua kutoka kwa Kafedha, mke wa Masha, na sasa nadhani mnanyamaza kwa kunihurumia.

Anasema pampu ilifungwa mwezi wa Novemba. Mwanzo gari lilikuwa na nguvu ya kuogopesha. Kisha likaanza kuchemka. Masha akawa anaongeza maji na kuendelea, kwa sababu alijua gari lenu limefungwa pampu hiyo hiyo na halina shida. Wiki moja kabla ya Krismasi, katikati ya mlima wa Mazeras, likachemka tena. Akasimama, akafungua boneti. Kabla hajagusa kitu, paipu la maji likapasuka. Maji ya moto yamemuunguza mkono wa kulia wote na upande wa shingo. Amelazwa. Vidole vimeshikana, na daktari hasemi kama vitaachana. Injini nayo imepasuka.

Dada, mimi ndiye niliyemwunguza. Sijui nimekosea wapi, maana kwenu imekubali. Nimemwambia Mhindi nitaacha kazi mwisho wa mwezi ujao. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Mwidani


Mtongwe
6 Februari 1989

Mwidani,

Assalaam aleikum. Sitauliza hali, maana naijua, na mwenye kuisababisha ni mimi.

Barua zako zote nimezipata. Kila moja nimeijibu na kila jibu nimelichana.

Gari la baba halijapata kufungwa pampu yako. Barua yako ya Machi ilipofika, Tsuma alikuwa amechoka kungoja na gari alikwisha kulipeleka Changamwe. Tsofa alikaa nalo mwezi mzima kama walivyosema watu, tukalala na njaa siku mbili tatu, lakini lilipotoka lilikuwa zima. Boksi lako lilipokuja tulimwonyesha. Aliigeuzageuza pampu, akasema, "Hii ni nzuri, haina kasoro. Ila imepimiwa injini mpya. Hii yenu itanyweshwa kupita kiasi, ichemke." Tukairudisha kwenye boksi, nikaisukuma chini ya kitanda.

Tsuma aliniambia, "Mwandikie ukweli." Nikasema nitamwandikia. Nikakaa na kalamu, nikakumbuka zile Ijumaa zako, nikakumbuka ulivyosema kuhusu mama. Nikaona maneno mawili matatu matamu yatakuponya na hayatamdhuru mtu. Yalinitoka kwa wepesi, Mwidani, hata nikafurahi nilipokuwa nikiyaandika.

Lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni hili. Mwezi wa Oktoba, Jumapili, Masha alikuja. Tsuma alikuwa Msambweni mazikoni na gari. Lingekuwepo, Masha angefungua boneti akajionea. Alikula wali hapa kwangu, akanawa mikono, akaniuliza, "Dada, ile pampu aliyowaletea Mwidani ni nzuri kweli? Mimi moyo wangu uko kwa Tsofa, lakini sitaki kumvunja ndugu yangu."

Alikuwa amenifungulia mlango nitoke. Nikafikiri, nikimwambia, atakuandikia, nawe utajua. Nikamwambia, "Nzuri, baba. Wewe funga tu."

Akanishukuru. Nilimsindikiza hadi kituoni.

Usiache kazi. Pampu haikuwa mbaya na wewe hukudanganya mtu.

Dada yako, kama bado,
Mwanakheri


Sharjah
27 Februari 1989

Mwanakheri,

Barua nimeipata. Nimekaa nayo siku kadhaa ili nisikuandikie nilichotaka kuandika siku ya kwanza.

Mimi pia sijatoka safi. Nilitaka sana nisikie nimefanya jambo jema, hata sikumwuliza Masha injini yake ina umri gani. Ningekuwa namwuzia mtu nisiyemjua hapa dukani, ningemwuliza. Hilo nitalibeba mwenyewe. Kazi sijaiacha bado.

Lakini kuna jambo hulijui. Kafedha ameandika tena. Masha ametoka hospitali, anakaa kitandani anasema kosa ni lake. Anasema gari la Tsuma lina pampu ile ile na linatembea, kwa hiyo yeye ndiye asiyejua kuendesha, yeye ndiye aliyeharibu zawadi ya rafiki yake. Ameniomba radhi mimi. Mimi!

Nenda Mishomoroni ukamwambie. Usimtume Tsuma, wala usimwandikie.

Mwidani


Mishomoroni, Kisauni
21 Mei 1989

Ndugu yangu Mwidani,

Salamu nyingi. Mimi naendelea, Mungu hajaniacha. Utashangaa kuona mwandiko wa dada yako na maneno yangu. Mkono wangu haushiki kalamu, Kafedha siku hizi macho yanamsumbua, na Mwanakheri yuko hapa. Nimemwambia aandike nisemavyo, asipunguze wala asitie sukari.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Machi, peke yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema yote kwa mara moja: fundi Tsofa, boksi, kitanda, ile Jumapili ya wali. Kafedha ndiye aliyeuliza, "Ina maana alipokuja kwako kukuuliza, pampu ilikuwa chini ya kitanda chako?"

Akasema, "Ndiyo."

Kafedha akamwambia, "Toka kwangu."

Akatoka. Wiki iliyofuata akarudi. Kafedha akamfungia mlango, naye akakaa kizingitini hadi jua likageuka, akaenda zake. Akarudi tena. Mwezi wa Ramadhani alikuja amefunga, midomo imemkauka, na Kafedha akamwacha nje vile vile. Kisha siku moja Kafedha alikuwa anatakiwa apeleke makuti ya kuezekea kwa watu na hakuna wa kunibadilisha bendeji. Akafungua mlango, akamwonyesha dawa ilipo, akaenda. Tangu siku hiyo ndiye anayenifunga bendeji kila Jumapili. Ana mkono mwepesi, hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Sasa sikiliza, Mwidani. Alipotoka siku ile ya kwanza nililia, na sikulia kwa hasira. Miezi mitatu nilikuwa nikilala nikijihesabia makosa: labda niliongeza gia mapema, labda nilipakia mawe mengi, labda mimi ni mjinga tu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Kafedha sitashika usukani tena. Kumbe sikuwa mjinga. Nilikuwa mtu aliyeuliza swali akajibiwa uongo. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuwa nyingi.

Hapa dada yako ameacha kuandika. Nimemngoja, ameendelea.

Tsuma alikuja na Tsofa. Wamefungua injini, iko uani imefunikwa gunia. Tsofa anasema itapona, lakini ataipima yeye, kwa mlima wa Mazeras na mawe yangu, na itachukua muda wake. Nimemwambia achukue muda. Ataendesha mdogo wangu Jefwa mpaka nijue mkono huu utakuwa wa namna gani. Vidole viwili vimeachana, vitatu bado.

Wewe usiache kazi. Na tangu leo usinitumie kitu. Ukiwa na wasiwasi juu yangu, niulize mimi. Kulikuwa na watu watatu hapa, wote wanapendana, na kila mmoja aliogopa kumvunja mwenzake moyo. Tazama tulipofika.

Kwenye barua yako umeuliza kama nimemsamehe dada yako. Yeye ndiye aliyenisomea hilo swali, kwa sauti, na hakuliruka. Nimefikiri sana nikujibu nini.

Bado. Kalamu imesimama tena. Andika, dada. Bado. Mchana nasema nimesamehe, bendeji ikivuliwa nikauona mkono, nakuta sijasamehe. Siku nitakayokuwa nimemaliza nitamwambia yeye kwanza, kisha wewe. Mpaka hapo nimemwambia aendelee kuja, na Kafedha leo amemwekea kiti.

Jina hapo chini nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Ndugu yako,
Masha