Nilivyomhamisha Shemeji Yako

Nyumba za Wafanyakazi,
Kituo cha Darubini,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia? Sisi huku wazima. Mama anatembea vizuri, ila fimbo hataki hata kuiona, anasema inamzeesha.

Uliniuliza kama kazi yangu ni kutazama nyota tu. Sivyo. Chombo kinaporudi kutoka anga za juu, tunakitafuta kwa darubini kikiwa bado nukta hafifu. Tunakilinganisha na nyota zilizo nyuma yake, tunaipata njia yake, kisha tunakadiria kitaangukia wapi. Wapokeaji hukisubiri pembeni ya hapo na magari yao. Shemeji yako ndiye dereva wao.

Alhamisi alfajiri kilikuwa kinarudi kimoja, hakina mtu, kimebeba mawe tu. Mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo tulitegemea makadirio ya jana yake. Mara yakaachia kidogo, nikapata picha chache. Nikapiga hesabu, nikarudia. Kilikuwa kinaelekea bondeni, palepale mume wangu alipoegesha gari.

Nikamkimbilia mkuu wetu.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Picha ni chache, lakini zote zinasema bondeni."

Akazitazama, akashika redio, akaamuru magari yapande kilimani upesi.

Ikasikika sauti ya mtu aliyedhani amezima redio yake: "Huyo wa darubini ana wazimu! Chai ndiyo kwanza imechemka!"

Sauti naijua, Kaka. Mkuu akanigeukia, nikajifanya nasoma hesabu.

Walihama huku wananung'unika. Chombo kikashuka na mwavuli wake, kikatua juu ya turubai waliloliacha. Sufuria ya chai ilibondeka ikawa bapa kama sahani.

Jioni shemeji yako alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Kumbe ni wewe uliyetuhamisha?"

"Ni mimi."

"Mke wangu, nilikutukana."

"Nilisikia. Redio ilikuwa wazi."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikakaa naye palepale kizingitini, nikamshika mkono.

Nisalimie wifi sana, na wanangu wote mmoja mmoja. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Kidoti