Kwa Nini Divine Alirudi Gety

Bunia, tarehe 22 Februari 2015

Kwa Mama yangu Elisabeth, huko Gety,

Mama, nakusalimu kwa upendo na kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, maana najua vumbi la kiangazi linavyokusumbua kifua, na kwamba dawa niliyomkabidhi Stéphane ilifika na unaimeza, si kuiweka kabatini ukingoja ugonjwa ukue kwanza. Unisalimie majirani wote na wale wanaolima nawe kile kipande cha bondeni. Huku kwetu mwili ni mzima. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, barabara ya sokoni imekuwa tope, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyo nayo.

Stéphane dereva alinifikishia maneno yako na hakuyapunguzia ukali hata kidogo. Unauliza ni kitu gani kilichotokea kati yangu na mtoto wako Divine hata akarudi nyumbani na mfuko wake, anakaa tu bila kusema, na mtu akitaja jina langu anatoka nje. Unauliza pia kwa nini nimekataa kumpa cheti cha utumishi, wakati hospitali ya Kisangani haiwezi kumpokea bila sahihi yangu na muhuri wa hapa. Ukaongeza kwamba nisipige simu, hutaki kusikia sauti yangu, niandike. Basi ninaandika. Univumilie nikianzia mbali. Hata zamani ulikuwa ukinikatiza mezani na kuniambia nifike basi ninakokwenda.

Jinsi nilivyopata kuwa mtoto wako unajua kuliko mimi. Mwaka ule wa 2003, wale vijana wenye silaha walipoingia uani kwako hapa Bunia wakitafuta watu wa upande wetu wa Bule, uliwaambia mimi ni kifungua mimba wako, kisha ukanigeukia na kunitukana mbele yao kwamba nimeunguza maharage. Hakuna anayemtukana mgeni namna ile. Waliamini, wakaenda zao. Watu wangu wa Bule hawakupata kuelewa kwa nini baadaye nilikuwa nikisema nina mama wawili, na mimi sikuchoka kuwaeleza.

Tulipomaliza udaktari mimi na Divine, tukaja pamoja kwenye hospitali hii ya kanisa. Kitu ambacho huenda hakukusimulia ni kwamba miezi ya mwanzo tulikaa karibu bure. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu wa Gety hawakutaka dawa iliyopita mkononi mwangu, na watu wa Bule hawakutaka kulazwa mahali ambapo Divine anashika sindano. Kila mtu alikuwa na jina moja tu la kile alichokiogopa, nalo ni sumu. Hapo Divine akabuni jambo lake. Saa sita mchana alileta sahani moja ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani Tchomia juu yake, akaketi katikati ya ua, pale familia zinapowapikia wagonjwa wao, akaniita. Tukala kwa mkono, sahani moja, mbele ya watu wote. Siku za kwanza walikuwa wanatazama nani anatangulia kumeza. Baadaye wakaacha kutazama, na wanawake wa pande zote mbili wakaanza kuja kuzaa kwetu. Tuliendelea hivyo miaka mingi, hata siku ambazo tulikuwa tumenuniana kwa mambo mengine.

Kisha kanisa likasema hospitali haiwezi tena kuongozwa na daktari yeyote tu, lazima awe na cheti cha uongozi na utawala wa hospitali, kilichotolewa na jopo la watahini. Nafasi ilikuwa moja. Divine ndiye aliyekuwa na akili zaidi, sote tulijua, lakini alikataa. Alicheka akasema yeye anataka kisu chake cha upasuaji tu, na mimi niliyezoea kupanga hata viatu vya wageni mlangoni ndiye mkurugenzi. Nikaenda Kinshasa mara kadhaa kusoma mambo ya bajeti, ya wafanyakazi, ya kutuliza misukosuko. Mtihani ulipokaribia, Divine alikuwa ananifanyisha mazoezi kila jioni. Alishusha miwani puani, akatoa tumbo mbele, akawa Profesa Mbuyi, mkuu wa jopo, hata kabla hatujamwona huyo profesa.

Na profesa mwenyewe aliniuliza swali hili: mgonjwa amefariki, familia inamshitaki daktari, utafanya nini. Nikajibu bila kusita. Nitamwondoa daktari kazini kwa muda, nitaita wachunguzi wa nje, nitawalinda wote kwa utaratibu ulio sawa kwa kila mtu. Alitikisa kichwa kwa furaha na kuwaambia wenzake kwamba huyu ameiva. Siku ile Divine alipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja kuona kuna nini. Ndiyo siku uliyotutumia yule kuku mwekundu.

Mwaka haukuisha. Mwezi wa kumi na moja walimleta Gérard, mtoto wa Baba mudogo Baudouin, mdogo wake baba yangu. Alikuwa ameporomokewa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu na bandama lilikuwa limepasuka. Divine alimpasua na kumwokoa, na mimi nilikuwepo nikaona, sijapata kuona mikono iliyotulia vile. Siku ya tatu Gérard alikuwa amekaa kitandani anataniana na wauguzi. Aliomba maji, Divine akamjazia kikombe na kumpa mwenyewe. Alikunywa, akasimama, akaanguka. Hatukuweza kumrudisha.

Baba mudogo aliingia ofisini kwangu na wazee wa familia nyuma yake. Hakupiga kelele, alinikumbusha tu kwamba mimi ndiye mkubwa hapa. Alisema, "Mutoto yetu alikuwa anasema muzuri. Ule mwanamuke akamupatia mayi, akakufa. Weye njo chef. Fanya kazi ya chef."

Nikafanya kile nilichokijibu mbele ya jopo. Nilimwita Divine, nikamweleza kwamba namsimamisha kwa muda, kwamba ni kwa ajili ya kumlinda yeye mwenyewe, na kwamba nimekwisha kumwomba Daktari Mumbere aje kutoka Beni, mtu asiye wa upande wowote kati ya zetu mbili. Divine alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Kama unanitosha leo, batasema niliua." Nikamwambia kutolewa kazini kwa muda ni utaratibu uleule kwa kila mtu. Akaniuliza, "Na weye mwenyewe, unaamini nini?"

Nikamjibu, "Tungoje anketi iishe."

Mama, mahali pengine huenda jibu lile lingekuwa la haki. Hapa Bunia, mkurugenzi wa upande wetu amefiwa na ndugu yake, akamtoa kazini daktari wa upande wenu siku ileile. Hakuna mtu mjini aliyengoja anketi, huo uchunguzi wa Daktari Mumbere. Kufika jioni, sokoni walikuwa wanasema hata jina la sumu yenyewe.

Daktari Mumbere alifanya kazi yake vizuri. Alimchunguza marehemu, akakuta bonge la damu lililopanda kwenye mapafu, jambo linaloweza kumpata mtu yeyote aliyepasuliwa, awe amekunywa maji au hakunywa. Nilisoma ripoti yake asubuhi, nikaikubali, nikaibandika ukutani, nikamrudisha Divine kazini. Nilimpelekea Baba mudogo nakala yake nikamsomea. Alisema karatasi za madaktari zinajuana zenyewe.

Sasa nafika, Mama. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Mchana wa siku ileile, saa sita, Divine alitokea uani na sahani yetu. Ua ulikuwa umejaa kuliko kawaida, na mke wa Baba mudogo alikuwepo, amekuja kuchukua vitu vya marehemu. Wote waliacha vyungu vyao wakatutazama. Divine aliketi, akanawa, akaweka sahani katikati. Nikaja nikaketi mbele yake, nikanawa na mimi. Kisha mkono wangu haukwenda. Niliutazama ule ugali na sikuweza. Divine akasema polepole, bila kuinua macho, "Arlette, kula. Banatuangalia."

Nikasema nina mkutano, nikasimama.

Sikuwa na mkutano wowote. Na usije ukafikiri nilikuwa nawaogopa watu wale waliokuwa wanatazama; hilo ndilo Divine analodhani labda, na ningetaka libaki hivyo. Niliogopa chakula, Mama. Niliogopa chakula cha mtoto wako. Mimi daktari, mwenye cheti cha uongozi kwenye fremu, niliyesoma ripoti asubuhi ile na kuielewa kila neno, mimi niliyekula chungu chako muda wote nyumba yako ilipokuwa inanificha, niliketi mbele ya dada yangu nikawaza kwamba huenda ni kweli. Wazo lilipita tu, halikukaa. Lakini Divine alinitazama usoni wakati linapita, na ananijua.

Alikula peke yake mpaka akamaliza. Aliosha sahani, akamaliza zamu yake, kesho yake hakuja. Sijala uani tangu siku ile, na wanawake wa kwenu wameacha kuja. Juma lililopita mmoja mwenye mimba kubwa alishuka kwenye pikipiki langoni, akamuuliza mlinzi kama Dokta Divine yupo. Aliposikia hayupo, alipanda tena pikipiki akaondoka. Nilimwona kutoka dirishani. Sijui alizalia wapi.

Kuhusu cheti cha utumishi, nimewaambia wakubwa wa kanisa kwamba hatuna mpasuaji mwingine na kwamba kanuni zinataka apewe muda wa kungoja. Yote ni kweli, ila siyo sababu. Sababu ni kwamba Divine akiwa Gety bila karatasi, nilikuwa naweza kujidanganya kwamba ataamka siku moja aje. Akienda Kisangani, amekwenda. Moyo wangu umevunjika, Mama, na najua sina haki ya kukulilia wewe.

Cheti nimekitia sahihi asubuhi hii, kimo ndani ya bahasha hii. Nimeandika kwamba hospitali hii haijapata kuwa na daktari bora kuliko yeye, na kwamba kusimamishwa kwake kulikuwa kosa la mkurugenzi. Wakubwa wakitaka kuniuliza, wataniuliza. Simwombi arudi. Haya niliyokuandikia, mwambie au usimwambie, wewe ndiye mama.

Wasalimie wote wanaokuzunguka, na kifua chako kipate nafuu na mvua hizi. Mungu akulaze salama na akuamshe salama. Stéphane anapiga honi nje, anasema barabara itaharibika. Cheti cha Divine umpe leo hiihii, tafadhali, kabla sijabadili nia na kumtuma mtu kukifuata.

Ni mimi,
Arlette