Kwa Karimu, Tuliyemvalisha Suti Isiyo Yake

Mwaka umetimia, Baba Mdogo Karimu, tangu moyo wako uliposimama kwenye ngazi za jengo letu hapa mtaani Berea, kusini mwa Afrika, lifti ikiwa imeharibika na begi la kamera likiwa begani. Familia imeniagiza mimi, Jabari, mtoto wa shemeji yako Happyness, niandike tangazo hili la kumbukumbu, kwa hoja kwamba shule ya bweni lazima izae kitu. Nimeahidi kutofanya utani. Nitajitahidi.

Ulizaliwa Baltimore, Marekani, ukapewa jina la Kiswahili na wazazi ambao hawakujua neno jingine lolote la Kiswahili. Ulipomwoa Mama Mdogo Leonida ukaja kuishi nasi, ulimwamkia kila mtu "shikamoo", hata watoto wa chekechea, nao waliitikia "marahaba" kwa heshima zote. Siku za kutembelewa uliniletea kuku shuleni na kumwambia mlezi wa bweni kwamba ni vitabu.

Kazi yako ilikuwa kupiga picha za ndugu zako wa Baltimore na kuweka shairi fupi chini ya kila picha. Hukutaka harusi wala mahafali. Ulitaka mama yako, Bibi Odessa, akimsuka mjukuu mlangoni. Binamu wakigombana juu ya karata. Shati la baba yako likiwa limetundikwa, baba mwenyewe hayumo. Chini ya shati hilo uliandika, na Mama Mdogo akatafsiri:

*Shati limenyooshwa, liko mlangoni.*
*Baba bado amelala.*
*Tembeeni taratibu:*
*wiki yake ya kazi imeisha Jumamosi hii.*

Ulipofanya maonyesho kule Newtown, hapa hapa mjini kwetu, watu waliofika mbele ya shati lile walishusha sauti bila kuambiwa.

Kisha walifika kwenye picha yetu, na hapo ndipo aibu yetu inapoanzia. Kila ulipoinua kamera nyumbani, Mama alikimbilia wigi, Mjomba Polycarp akafunga tai, mimi nikavaa koti la shule. "Shemeji, subiri kwanza," Mama alikuwa akisema. "Watu watadhani tuna shida." Ukasubiri. Basi mgeni mmoja aliinama pale Newtown, akatutazama kwa makini, akauliza, "Hawa walikuwa wanaomba viza?"

"Wananizoea polepole," ulimjibu.

Ulikuwa umekaa nasi miaka tisa. Ndugu zako walikupa jiko lao. Sisi tulikupa nyuso za ofisini. Chini ya picha yetu hapakuwa na shairi.

Ulipofariki tulipekua maboksi yako tupate picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Hukuwemo. Katika familia nzima hakuna aliyewahi kukuambia, "Lete hiyo kamera, nawe ukae hapa." Tulipata kipicha cha pasipoti tu. Mjomba akakipeleka kwa kijana wa mtaani anayechapa, ambaye ana suti za kila rangi ndani ya kompyuta. Mjomba alichagua ya bluu, yenye tai nyekundu. Kijana akaongeza mawingu, njiwa wawili na maporomoko ya maji, akakung'arisha ngozi bila kuombwa. Shairi lilitolewa bure kwa wanaochukua njiwa. Lilitungwa kwa ajili ya bibi wa watu, ndiyo maana waombolezaji walisoma kwamba tutaikosa mikono yako iliyotukandia maandazi.

"Amependeza," tulisema sote. Mama Mdogo aliikunja karatasi ile, akaitia mkobani.

Bibi Odessa hakuweza kusafiri kwa sababu ya magoti, kwa hiyo tulimtumia picha hiyo. Akapiga simu.

"Huyu ni nani?"

"Ni Karimu, Mama," Mjomba alijibu.

"Nimezaa wanaume watatu. Shingo zao nazijua. Huyo si mwanangu."

Alisema ameacha nafasi ukutani, pembeni mwa baba yako, wala hataijaza na mtu asiyemjua. Picha zako za utoto anazo. Alitaka moja ya maisha uliyoishi mbali naye, ailalie na kuiamkia katika siku alizobakiza. Tukamwambia tunatafuta. Tuliendelea kumwambia hivyo karibu mwaka mzima, tukijua hakuna cha kutafuta.

Mwezi uliopita alipiga tukiwa mezani. Safari hii Mama Mdogo aliichukua simu, akamwambia ukweli: hakuna picha, hatukuwahi kukupiga hata moja, na tunaona aibu. Kisha Bibi Odessa akasema, "Basi nitumieni ninyi, mlivyo sasa hivi. Mtu asinawe hata uso."

Mama aliinuka kuelekea chumbani.

"Dada, kaa," alisema Mama Mdogo.

"Leonida, nina skafu ya kulalia kichwani."

"Naiona. Kaa."

Tukaiweka kamera yako juu ya friji, itupige yenyewe. Picha hiyo ndiyo iliyo juu ya tangazo hili. Wasomaji wanaomtafuta marehemu watuwie radhi. Mama Mdogo amevaa fulana yako yenye tundu. Mjomba ana soksi moja. Mimi nina ugali mdomoni. Mama Mdogo, ambaye siku zote alitafsiri maneno yako tu, aliandika ya kwake chini yake:

*Ugali umeiva, sahani ni nne.*
*Mkono wangu umezoea kutoa tano.*
*Hakuna aliyesema kitu.*
*Kaka yangu amekula mara mbili.*

Kesho yake Bibi Odessa alipiga. Alikuwa ameshaitundika. Hakusema tumependeza. Aliuliza jina la kila mmoja, akayarudia mpaka akayapata, halafu akasema, "Mwambieni Polycarp avae soksi ya pili. Nasikia huko kwenu sasa ni baridi."

Mjomba aliomba simu, akaishika sikioni, akashindwa kusema neno. Bibi hakukata. Alimsubiri.

Wanaokukumbuka: mkeo Leonida; mama yako Odessa, Baltimore; shemeji zako Happyness na Polycarp; na mimi Jabari.

Tutakukumbuka siku zote, hivi hivi tulivyo.